Mavuno yalipanda, uzito ukatoweka: kisa cha mafungu mawili ya unga wa shiitake

Chupa mbili za unga zilikuwa mezani. Unga wote ulitoka kwenye mashina ya uyoga wa shiitake yaliyokaushwa siku moja na kusagwa kwa mashine moja. Kipimo cha sukari jumla kilionyesha kuwa mafungu haya mawili yanalingana, na kwa macho yasiyozoea yalifanana. Tulikoroga kila fungu kwenye maji kwa kiwango cha asilimia 2, tukaliacha lilowe hadi asubuhi, kisha tukajaza bomba la sindano la mililita 10, tukaachia kidole kilichoziba ncha na kuhesabu sekunde 10. Fungu la kwanza lilibakiza mililita 5 ndani ya bomba. Fungu la pili lilichuruzika lote.

Jaribio hilo la bomba hatukulibuni sisi. Linatoka kwenye mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI, unaopanga vinywaji kwa uzito wake, yaani vinavyotiririka haraka au taratibu, kwa ajili ya watu wenye shida ya kumeza. Kikibaki chini ya mililita 1 baada ya sekunde 10, kinywaji ni chepesi kama maji na kinahesabiwa daraja la 0. Kati ya mililita 1 na 4 ni daraja la 1, kati ya 4 na 8 ni daraja la 2, na zaidi ya hapo, maadamu bado kinatiririka, ni daraja la 3. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na maji ya kawaida kwa sababu yanamkimbilia kooni kabla misuli haijawahi kuifunga njia ya hewa. Kinywaji kizito hushuka taratibu na kumpa muda. Ndiyo maana pengo kati ya mililita 5 na sifuri lilitunyima usingizi. Unga wa fungu la pili ukiingia kwenye kikombe cha mtu huyo ukiwa na maelezo ya fungu la kwanza, maji yanaweza kuishia mapafuni mwake. Hakuna aliyeunywa, tulikuwa bado kwenye majaribio ya maabara. Lakini unga huo ulikuwa umepita vipimo vyote tulivyokuwa tumeviweka kwenye fomu yetu ya ubora, na hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki chote badala ya kulitupa fungu na kuendelea.

Kwanza nieleze kwa nini tulikuwa tunahangaika na uyoga. Viongeza uzito vilivyozoeleka ni wanga na ksanthani, gamu inayotengenezwa na bakteria. Wanga una udhaifu mmoja mkubwa: mate yana kimeng'enya cha amilasi, kinachokata vifungo vya alfa-(1→4) vya wanga. Kijiko kilichopita mdomoni kikirudishwa kikombeni, kinywaji huanza kulegea mgonjwa akiwa bado anakunywa. Ksanthani haina tatizo hilo, na kusema kweli ni kiongeza uzito kizuri sana. Shiitake ilituvutia kwa kuwa mashina yake ni magumu, watu huyakata na kuyatupa, na ndani yake mna beta-glukani, mnyororo mrefu wa glukosi, iitwayo lentinani, ambayo Goro Chihara na wenzake nchini Japani waliitangaza mwaka 1969. Uti wake ni glukosi zilizoshikana kwa vifungo vya beta-(1→3), na kwa kila glukosi tano za uti kuna matawi mawili ya glukosi moja moja yaliyoshikwa kwa vifungo vya beta-(1→6). Amilasi ya mate haina la kufanya hapo.

Jambo la thamani zaidi katika lentinani ni umbo lake. Ndani ya maji molekuli haikai peke yake kama uzi uliojikunja ovyo. Nyuzi tatu husokotana kuwa kamba moja. Ndugu yake wa karibu, skizofilani inayotoka kwenye uyoga Schizophyllum commune, ana kamba ya aina hiyohiyo, na watafiti wa Osaka waliithibitisha mwaka 1980 kwa kupima uzito wa molekuli na mnato (jinsi kimiminika kinavyopinga kutiririka) kwenye viyeyushi tofauti. Kamba hiyo ni ngumu kupindika: urefu ambao ndani yake inabaki karibu imenyooka ni takriban nanomita 150 hadi 200, wakati uzi laini kama wa pululani, mnyororo mwingine wa sukari, hupinda baada ya nanomita chache tu. Kitu kirefu na kigumu kikizunguka ndani ya maji kinajitwalia nafasi kubwa kuliko uzito wake, na humo ndimo mnato unamozaliwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Mwaka 1906 Albert Einstein alikokotoa jinsi chembe za duara zinavyoongeza mnato wa kimiminika, na mwaka 1911 akasahihisha hesabu yake kupata namba ambayo bado tunaitumia: mnato huongezeka kwa mara 2.5 ya sehemu ya ujazo iliyochukuliwa na chembe. Vidonge vidogo vya mviringo vikichukua asilimia 1 ya ujazo, mnato hupanda kwa asilimia 2.5 tu. Uyoga nao una vidonge vya namna hiyo, yaani glikojeni. Ni polisakaridi, yaani mnyororo wa sukari nyingi, ya glukosi vilevile, ni kubwa ajabu kwa uzito, lakini matawi yake mengi yameikusanya kuwa donge. Mnato asilia wake, yaani nafasi ambayo gramu moja inaishika ndani ya maji, hauzidi mililita kumi hivi kwa gramu, hata donge liwe kubwa kiasi gani. Ule wa kamba ya lentinani isiyokatika huhesabiwa kwa mamia ya mililita kwa gramu. Gramu moja ya hii na gramu moja ya ile hutoa jibu moja kwenye kipimo cha sukari, huku kwenye kikombe ni maji na uji.

Jinsi mafungu yalivyotengenezwa

Fungu la kwanza tulilitengeneza kwa njia ya kawaida. Unga wa mashina ulichemshwa kwenye maji ya nyuzi 95 za selsiasi kwa saa nne, sehemu moja ya unga kwa sehemu ishirini za maji. Tulichuja tukiwa tumechoka, maana kichujio kiliziba mara kwa mara na ilitubidi kukibadilisha. Maji yaliyopatikana tulimiminia ethanoli mara tatu ya ujazo wake. Polisakaridi haziivumilii ethanoli, hivyo hutengana na maji. Trehalosi, manitoli na sukari nyingine ndogo hubaki zimeyeyuka na kumwagwa. Kilichotoka kilikuwa kama pamba iliyolowa, nyuzi ndefu tulizoweza kuzizungushia kijiti cha kioo na kuziinua. Tukaziosha, tukazigandisha na kuzikausha kwa ombwe.

Fungu la pili lilipata hatua moja ya ziada. Mwenzetu mmoja, kijana makini ambaye lawama hii haimstahili, alipendekeza tupitishe mawimbi ya ultrasoniki, sauti kali isiyosikika kwa sikio, kwenye mchanganyiko kwa dakika 40 kabla ya kuchuja, kwa sababu kuta za seli za uyoga zina kitini na ni ngumu kuachia vilivyomo ndani. Wazo lilikuwa sahihi kwa kadiri lilivyokwenda. Mavuno yalipanda. Kichujio ambacho kilitusumbua nusu siku kilimaliza kazi chini ya saa moja. Mmumunyo ulitoka mwangavu zaidi. Ethanoli ilipoingia hatukuona nyuzi. Tuliona wingu jeupe laini lililotua chini polepole kama vumbi. Tulikausha, tukapima sukari, tukashangilia.

Nimerudia kusoma daftari la siku ile mara nyingi. Kila tulichokisifu kilikuwa dalili.

Kipimo kilichosomwa kwa kasi mbili

Baada ya jaribio la bomba tulirudi kwenye viskometa ya kuzunguka, mashine inayopima mnato kwa kuzungusha kijiti (spindeli) ndani ya kimiminika, na hapo tukagundua kwamba tungekuwa tumeona mapema kama tungesoma karatasi yetu vizuri. Fungu la kwanza lilipimwa spindeli ikizunguka mara 10 kwa dakika. Fungu la pili lilipimwa kwa mizunguko 60. Aliyepima hakufanya uzembe: kwa mizunguko 10 fungu la pili lilikuwa jepesi mno, mashine ikaonyesha nguvu ya msokoto chini ya asilimia 10, kiwango ambacho usomaji wake hauaminiki. Akaongeza kasi mpaka mashine ikakubali. Lakini fomu yetu ilikuwa na nafasi ya namba moja tu ya mnato, bila nafasi ya kasi, na hapo namba mbili zisizolinganishika zikakaa safu moja.

Kwa maji, mafuta au asali, kasi isingekuwa na maana kubwa, kwa kuwa mnato wake haubadiliki ukikoroga haraka au taratibu. Mmumunyo wa polisakaridi ndefu ni kitu kingine. Ukiwa umetulia, kamba zimelala kila upande na kuzuiana njia. Ukikoroga, tabaka moja la kimiminika linateleza juu ya jingine na kamba zinaanza kujipanga kuelekea upande wa mtiririko, kama magogo mtoni. Kadiri kasi ya kuteleza inavyoongezeka, ndivyo zinavyopishana kwa urahisi na mnato kushuka. Ukiacha kukoroga, mwendo wa joto wa molekuli unazivuruga tena na uzito unarudi.

Tulipochora mkondo mzima wa fungu la kwanza, yaani mnato dhidi ya kasi, kwenye karatasi yenye mizani ya logi pande zote mbili, sehemu ya katikati ilinyooka vizuri, na kwa kanuni ya kipeo tulipata kipeo karibu 0.4. Kanuni hiyo inasema msukumo unaohitajika ni sawa na kizidishi K mara kasi ya kuteleza iliyopandishwa kwa kipeo n. Kipeo kikiwa 1, kimiminika ni cha kawaida kama maji. Kadiri kinavyoshuka chini ya 1, ndivyo kimiminika kinavyolegea kikikorogwa. Kwa n ya 0.4, kuongeza kasi mara sita kunashusha mnato kwa 6 iliyopandishwa kwa 0.6, yaani karibu mara 2.9. Basi theluthi mbili ya mnato wa fungu la kwanza ingepotea kwa kubadili tu kitufe cha kasi, bila unga kubadilika hata chembe.

Fungu la pili halikuwa hivyo. Mkondo wake ulikuwa karibu mlalo, kipeo kikikaribia 1. Hili lilinifundisha kitu ambacho sikuwa nimekielewa vizuri hata baada ya miaka ya kushika mashine hizi: pengo kati ya mafungu mawili halikuwa na namba moja. Kimiminika kikiwa kimetulia kikombeni pengo ni kubwa sana. Kwenye kasi ya kuteleza ya 50 kwa sekunde, ambayo wapimaji wa vinywaji vya kumeza wameizoea kama kielelezo cha kinachotokea mdomoni, pengo ni dogo kiasi. Ukikoroga kwa nguvu zaidi linapungua tena. Anayeuliza "fungu la pili ni jepesi mara ngapi?" lazima kwanza aulizwe, "kwa kasi gani?"

Umbo la mkondo lilitupa dokezo kubwa kuliko urefu wake. Kimiminika kilichopungukiwa na polisakaridi tu, yaani ileile iliyozimuliwa, kingepoteza mnato lakini kingeendelea kulegea kikikorogwa haraka, mpaka uzimuaji uwe mkubwa sana. Cha kwetu kilikuwa kimebadilika tabia huku kiasi cha sukari kikiwa kilekile.

Washukiwa

Tuliwapitia mmoja mmoja, na baadhi hawakuchukua hata nusu saa.

Unyevu kwenye unga: ulipimwa, tofauti ilikuwa ndogo. Chumvi: kuna waliodhani mabaki ya chumvi kutoka kwenye maji yetu yameikunja molekuli. Kwa uyoga mwingine hoja hiyo ingekuwa na nguvu. Polisakaridi ya Tremella fuciformis ina asidi ya glukuroniki, hivyo imebeba chaji hasi. Chaji hizo zinasukumana na kuitanua molekuli, na chumvi ikiingia inazifunika, molekuli inajikunyata na mnato kushuka. Lentinani haina chaji. Tuliongeza chumvi kwenye fungu la kwanza kwa makusudi, bomba likabakiza kiasi kilekile.

Unga kutolowa vizuri lilikuwa jambo la kuchunguza kwa uzito zaidi, kwa sababu linadanganya wengi. Ukimwaga unga wa polisakaridi kwenye maji yaliyotulia, sehemu ya nje ya kila donge hulowa na kuwa utando mzito unaozuia maji kuingia ndani. Unapata mabonge yenye unga mkavu katikati, na kimiminika kinachoyazunguka kinapimwa kama chepesi. Tiba yake ni kuulowesha unga kwanza kwa ethanoli kidogo au kuuchanganya na sukari kavu ili chembe zitengane, kisha kuunyunyiza kwenye maji yanayozunguka kwa kasi, na kuacha usiku kucha. Tulifanya yote. Fungu la pili lililowa haraka kuliko la kwanza, likawa safi bila bonge, likabaki jepesi.

Kisha iodini. Unga mwingi unaouzwa kwa jina la uyoga hutengenezwa kwa nyuzi za uyoga zilizooteshwa kwenye nafaka na kusagwa pamoja na nafaka yenyewe, na iodini huugeuza kuwa buluu kwa wanga ulio ndani. Sisi tulianza na mashina, hivyo hatukutarajia buluu, wala hatukuiona. Tuliona wekundu wa kahawia, hafifu kwenye fungu la kwanza na uliokolea kiasi kwenye la pili. Hiyo ni rangi ya glikojeni. Mawimbi ya ultrasoniki yalikuwa yamepasua seli na kuzimwaga akiba zake ndani ya mmumunyo. Kipimo cha sukari jumla, kile cha fenoli na asidi ya salfyuriki kilichoelezwa mwaka 1956 na ambacho kila maabara inakipenda kwa wepesi wake, huvunja polisakaridi zote kuwa sukari moja moja na kutoa rangi moja ya manjano. Hakijui kilichokuwa kamba na kilichokuwa donge.

Tulidhani tumemaliza. Glikojeni imeingia, imechukua nafasi ya lentinani ndani ya kila gramu, basi mnato umeshuka. Tulitia kimeng'enya kinachokula alfa-glukani kama glikojeni, tukaondoa vilivyovunjika, tukasawazisha kiasi cha beta-glukani kwenye mafungu yote mawili na kupima upya. Fungu la pili liliimarika kidogo tu. Bado lilichuruzika lote. Glikojeni ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu kubwa.

Kamba iliyofumuka, au kamba iliyokatika?

Walibaki washukiwa wawili, na kwa mtu anayetazama kikombe wanafanana kabisa. Ama zile nyuzi tatu zimefumuka na kila moja kujikunja peke yake, au kamba bado zimesokotwa lakini zimekuwa fupi. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Kamba iliyofumuka inaweza kutafutiwa njia ya kusokotwa tena. Kamba iliyokatika haiungiki.

Kamba hufumuka kwa joto kali sana, kwenye maji ya skizofilani ni karibu nyuzi 135, au kwa alkali yenye nguvu, au kwenye kiyeyushi kiitwacho daimethili salfoksaidi. Mchanganyiko wetu haukuwahi kufika kwenye joto hilo wala haukuguswa na alkali. Hata hivyo ultrasoniki huzalisha viputo vidogo kwenye kimiminika, na kiputo kinapoporomoka hutoa joto kali mno mahali padogo mno, kwa hiyo hatukutaka kukisia.

Tulianza na rangi ya Kongo Nyekundu. Katika alkali dhaifu rangi hii hujishikiza kwenye msokoto wa nyuzi tatu, na kilele cha mwanga inachofyonza husogea kuelekea mawimbi marefu. Ukiongeza alkali mpaka msokoto ufumuke, kilele kinarudi. Mafungu yote mawili yalisogeza kilele, na yote mawili yakakirudisha alkali ilipozidi. Msokoto ulikuwepo. Mwenzangu mmoja alitaka tuandike kwamba muundo haujaharibika, na kwa kipimo hicho pekee asingekuwa amesema uongo. Lakini rangi inauliza kama kamba imesokotwa. Haiulizi ni ndefu kiasi gani.

Jibu lilitoka kwenye mirija ya kioo, chombo cha zamani kisicho na skrini. Unapima sekunde ambazo mmumunyo mwepesi sana unachukua kushuka kwenye mrija mwembamba, unalinganisha na kiyeyushi kitupu, unarudia kwa viwango vinne au vitano vinavyopungua, kisha unaurefusha mstari mpaka kiwango cha sifuri. Namba unayoipata ndiyo mnato asilia, nafasi ambayo gramu moja ya molekuli inaishika ikiwa peke yake bila kusongwa na wenzake. Tulifanya hivyo mara mbili kwa kila fungu, kwanza kwenye maji, kisha kwenye daimethili salfoksaidi. Ndani ya kiyeyushi hiki cha pili kamba zote hufumuka, za fungu la kwanza na la pili sawasawa, na kila uzi unabaki peke yake. Kama fungu la pili lilikuwa limefumuka tu, basi humo mafungu yangelingana, kwa sababu nyuzi zenyewe zina urefu uleule. Kama zilikatika, fungu la pili lingekuwa chini humo pia.

Lilikuwa chini kwenye maji. Likawa chini kwenye daimethili salfoksaidi pia. Zilikatika.

Ukishajua hivyo, mengine yanajipanga. Kiputo kinapoporomoka, kimiminika kinakimbilia pengo lake kwa kasi, na molekuli iliyo karibu inavutwa ncha hii haraka kuliko ncha ile. Mvuto unakuwa mkubwa zaidi katikati, kwa hiyo molekuli hukatika karibu na katikati, na zilizo ndefu zaidi ndizo hutangulia. Wale watafiti wa skizofilani walikuwa wakiitumia njia hiihii kwa makusudi, kupata vipande vya urefu mbalimbali ambavyo bado vimesokotwa nyuzi tatu. Walichokitafuta wao ndicho kilichotuharibia sisi.

Na hasara haiendi sambamba na urefu. Mnato asilia hupanda kwa uzito wa molekuli uliopandishwa kwa kipeo fulani: kwa uzi laini uliojikunja huwa kati ya 0.5 na 0.8, kwa fimbo ngumu hukaribia 1.8. Ukikata uzi laini wenye kipeo 0.7 katikati, mnato asilia unagawanyika kwa 1.6 hivi. Ukikata fimbo, unagawanyika kwa karibu 3.5. Ule ugumu uliotufanya tuichague lentinani ndio unaoifanya iumie zaidi ikikatwa.

Bado hapo ni kwenye mmumunyo mwepesi. Kwenye kikombe molekuli zinagusana na kutatizana, na kwa nyuzi zilizojikunja tunajua tangu vipimo vya mwaka 1981 kwamba baada ya kiwango fulani, pale ambapo kiwango cha polisakaridi mara mnato asilia kinafika karibu 4, mnato unaanza kupanda kwa kipeo cha karibu 3.3 badala ya 1.4. Hata kwa uzi laini ule wa hesabu ya juu, 1.6 iliyopandishwa kwa 3.3 ni karibu mara 5. Kukata mara moja tu. Dakika 40 hazikukata mara moja tu.

Ili tusibaki na maelezo matamu yasiyojaribiwa, tulichukua mmumunyo wa fungu la kwanza, lile zuri, tukaupitisha kwenye ultrasoniki na kuchota sampuli baada ya dakika 5, 10, 20 na 40. Dakika tano za kwanza zilishusha mnato zaidi kuliko dakika ishirini za mwisho, kisha mkondo ukalala. Ndivyo inavyopaswa kuwa kama ndefu hutangulia kukatika na fupi kuponyoka. Mkondo wa mwisho ulikuwa karibu mlalo. Tulikuwa tumelitengeneza fungu la pili upya, kutoka kwenye la kwanza, mbele ya macho yetu.

Kichujio kilikuwa kimeshasema

Sasa ule mchujo wa chini ya saa moja nauona kwa jicho jingine. Kichujio ni mrija wenye maelfu ya matundu. Kimiminika kinapopita haraka kuliko jana, kichujio kinakueleza mnato umeshuka. Ile pamba iliyogeuka vumbi kwenye ethanoli nayo ilisema jambo lilelile: molekuli ndefu hushikana na kutoka kama nyuzi, fupi hutoka kama unga. Tulikuwa na vipimo viwili vya bure siku ya kwanza kabisa, kabla ya kukausha chochote, na tuliviandika kama mafanikio.

Fungu la tatu tulilitengeneza bila ultrasoniki. Tulisaga mashina laini zaidi wakati yakiwa makavu, tukaongeza muda wa maji moto, tukachemsha masalia mara ya pili. Ethanoli tuliimimina kwa hatua badala ya yote kwa pamoja, kwa kuwa molekuli ndefu hutangulia kutoka na tuliweza kuzikusanya kabla ya zile fupi. Mavuno yalikuwa chini ya mafungu yote mawili yaliyotangulia, na kichujio kilitusumbua tena. Nyuzi zilirudi kwenye kijiti cha kioo. Bomba lilibakiza mililita 6.

Fomu ya ubora imebadilika. Sehemu ya mnato sasa ina kasi tatu, 50 kwa sekunde ikiwa katikati, pamoja na kipeo. Mnato asilia kwenye maji unapimwa kwa kila fungu. Sukari jumla imebaki, lakini imehamia chini, pamoja na unyevu. Na kuna mistari miwili ya kuandika kwa mkono: muda wa kuchuja, na kilichotoka kwenye ethanoli kilikuwa nyuzi au vumbi. Fungu la tatu limegawanywa. Nusu imefungwa kwenye chupa na kupitishwa kwenye joto la nyuzi 121 la kuua vijidudu, ambalo kwa hesabu liko chini ya joto la kufumua kamba. Nusu nyingine iko kwenye juisi yenye asidi. Kila wiki tunajaza bomba na kuhesabu hadi kumi.